Jina Lililoleta Ng'ombe

Jumanne, 5 Agosti 2025
Jumapili mtoto anaombewa kanisani na bado hana jina ya Kizungu! Kwa hii boma yetu, hapa Silibwet, lazima jina iishe na -ence. Ndiyo heshima. Kaka mkubwa wa bwana yangu Weldon alianza na Clarence, akaongeza Florence, akamaliza na Prudence. Tamu zote zimeisha. Sisi tumepata ukoko.

Shemeji Bethwel, ule wa kusoma chuo na anataka kuwa MCA, mjumbe wa wadi, ameleta zingine. Influence. Residence. Evidence. Conference. Nikauliza maana. "Shemeji, jina haihitaji maana. Inahitaji uzito." Aii! Uzito gani, na binti yangu ni mwepesi kama kikapu ya kuchuma chai asubuhi, bado tupu?

Jumatano, 6 Agosti
Nimeuliza Moureen, jirani Mkisii anauza mboga. Yeye alimaliza form four, mimi niliachia form two. Akaeleza huku anakata sukuma.
Residence — mahali mkubwa analala, sisi tunalipa stima.
Conference — wanakula hoteli siku tatu, wanarudi na kalamu.
Evidence — kitu polisi wanapoteza.
Influence — "hiyo huna, usijisumbue."
Na Patience? "Hiyo ndiyo wanatusifu nayo wakitaka kutukalia."
Nimecheka mpaka maziwa ikatoka. Lakini Patience nimeipenda. Nikamnong'onezea mtoto. Akashika kidole yangu!

Alhamisi, 7 Agosti
Imeamuliwa. Mama ya Weldon, sisi wote tunamwita Kogo, ametumia ile njia yetu ya zamani: unataja marehemu mmoja mmoja mpaka mtoto apige chafya, basi huyo ndiye amerudi. Ya marehemu tulifanya alipozaliwa. Leo Kogo amefanya ya Kizungu! Patience — kimya. Excellence — kimya. "Negligence!" Chafya! Wamama wakapiga vigelegele.

Mimi niliona ugoro kwa kidole ya Kogo. Lakini mke wa kijana yake hasemi.

Hiyo neno Negligence, Kogo anaipenda kama wimbo. Zamani lori ya majani chai iligonga ng'ombe yake. Wakili kortini akasema negligence, negligence, na Kogo akapewa mtamba. Bethwel ndiye alimtafsiria, akamwambia ni haki. "Jina iliyoleta ng'ombe," Kogo anasema, "haiwezi kukosa kuleta bwana."

Ijumaa, 8 Agosti
Kliniki. Nesi alicheka, halafu akaniangalia akaacha. "Mama, hiyo ni uzembe. Kuacha kuchunga kitu ulifaa kuchunga."
Nilimshika mtoto mpaka akalia. Uzembe binti Weldon! Na vile mimi huamka hata akihema tu vibaya.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeambia Bethwel. Kumbe anajua! "Sasa nimwambie mama nilimdanganya? Na uchaguzi inakuja? Wamama wote wa buying center, pale tunauza chai, wanapiga kura vile Kogo amesema." Halafu akanipoza: "Hakuna mtu hapa anajua maana. Watadhani ni dada ya Florence."

Weldon naye: "Tutamwita tu Negi."

Wanaume wawili wazima, na ndevu, wanaogopa bibi mmoja. Na mimi wa tatu.

Jumapili, 10 Agosti
Naandika kwa chumba ya kwaya, nyuma ya kanisa. Mtoto ananyonya. Wanaimba, wakimaliza tunaitwa mbele.

Pastor alipitia hapa, nikamweleza. Akakohoa. Akaangalia juu. "Hii mabati ni Kogo alileta. Mimi hutangaza ile jina nimepewa." Nikamuuliza, na nikikupea ingine? "Wewe ndiye mama yake," akasema, akatoka mbio kama ametaja dhambi.

Weldon amechungulia. Nikamwambia, aambie Kogo. Akasema anaenda kuangalia pikipiki. Hakuna mtu anaiba pikipiki kanisani!

Mtoto ameshiba. Anatabasamu akiangalia mabati. Shingo yake inanukia maziwa. Mungu, mzuri hivi!

Wimbo imeisha. Kogo anakuja kumchukua, nasikia akicheka na wamama kwa mlango. Nimejaribu kusema kwa sauti, nikiwa peke yangu: "Mama, hiyo jina hapana." Imetoka ndogo, hata mtoto hakugeuka.
Najaribu tena —