Birika la Baridi

Rigat, wamemchukua Mama Abrehet! Sasa hivi, mchana kweupe. Ukisoma futa.

Unajua tangu kanisa lifungwe tunasali kwake, kahawa ikichemka, ili askari wakija waone wageni tu. Leo zamu ya jiko ilikuwa yangu. Nikae macho, moto usizimike. Kazi hiyo tu!

Nikafumba macho. Nilikuwa namwombea kaka yangu kule gerezani, nikajisahau.

Mara askari hawa hapa. Mmoja akaligusa birika. Baridi. BARIDI, Rigat!

"Kahawa gani hii mnayokunywa nyie?"

Akanigeukia. Unajua nilimjibu nini? "Mimi jirani tu, nimefuata chumvi. Simjui huyu mama."

Simjui! Aliyenilea tangu mama afe, eti simjui!

Yeye hata hakunitazama vibaya. "Kweli, huyo jirani. Na hawa wengine nimewaita mimi. Nichukueni mimi."

Akajitanda netsela, shuka lake jeupe la kusalia. Alipofika mlangoni akaninong'oneza, "Mwanangu, kesho watu watakuja. Moto usizimike."

Rigat, nimekaa mbele ya jiko na kiberiti mkononi.

Niwashe?