Lenzi ya Baba na Feran Lake

Aali Kadal,
Srinagar.
9 Aprili

Mpendwa Kaka Mushtaq,

Salaam aleikum. U hali gani huko Doha? Joto limeshaanza kuwatesa? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Theluji imeyeyuka na Mama amerudi kwenye mboga zake. Kifua chake kimepona, na sauti pia imerudi, mtaa mzima tunaisikia.

Lenzi ya kukuzia uliyotuma imefika salama. Kaa vizuri nikupe habari zake, maana leo utatembea kifua mbele.

Unakumbuka Baba alivyokuambia kwenye simu kwamba macho yake yamekwisha? Baridi yote alikaa dirishani na ile lenzi yake ya zamani akiona ukungu mtupu. Mwishowe akazifunga sindano zake kwenye kitambaa, akasema kazi ya kuziba matundu ya mashali imemshinda. Niliogopa, Kaka. Mdogo wetu Nuzhat anaolewa mwezi huu, na nondo walikuwa wametoboa shali la Bibi katikati ya ua la tarizi, shali lile lile atakalovaa. Nyumba ya fundi ipeleke shali lake kwa fundi mwingine? Uso tungeuficha wapi?

Nikaipeleka ile lenzi kwa muuza miwani wa pale darajani. Aliigeuza kwenye mwanga, akacheka.

"Dada, mzee anaipangusa na joho lake la feran, siyo?"

Nikashangaa kajuaje. Kumbe kila baridi huletewa za namna hiyo. Sufi ya feran imejaa majivu ya kangri, hicho chungu cha makaa tunachokikumbatia ndani yake, na plastiki ya lenzi ni laini. Kumbe kila asubuhi Baba alikuwa akiipiga msasa lenzi yake kwa mkono wake mwenyewe! Mikwaruzo ile haiondoki tena. Nilipomweleza Baba, akaniuliza:

"Kwa hiyo mimi si kipofu?"

Nililia, sikufichi.

Yako ilipofika, aliifungua, akaipulizia pumzi, na pindo la feran tayari liko mkononi. Mama aliruka kutoka jikoni.

"Baba Mushtaq, toa mkono! Ukiigusa na hilo joho lako la majivu, leo utalala na kuku!"

Tangu hapo kuiosha ni kazi yangu. Naimiminia kwanza maji ya uvuguvugu, vumbi litoke lenyewe kabla sijaigusa. Halafu tone la sabuni ya kuoshea vyombo, vidole safi, polepole, nasuuza, nakausha kwa kugusagusa na kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa. Karatasi, maji ya moto, spiriti na dawa ya madirisha haviikaribii. Mwanzoni Baba alinicheka.

"We Tasleema, hiyo ni lenzi au bibi harusi, mpaka iogeshwe kwa maji ya uvuguvugu?"

Sasa yeye ndiye askari wake. Juzi jirani alinyoosha mkono tu kuitazama, akafokewa kama mwizi.

Basi akazifungua sindano zake. Alishona mchana kutwa, chai ya chumvi ikipoa pembeni, nasi tukipita kwa ncha za vidole.

Alhamisi akaja mama mkwe wa Nuzhat, na unamjua, yule hata mchele huuchambua mara mbili. Alishika shali, akaligeuza, akalinyanyua dirishani, akalipapasa kwa kucha.

"Mzee, mbona silioni? Hilo tundu lilikuwa wapi?"

Baba akachukua lenzi amwonyeshe. Akatafuta huku, akatafuta kule, akaligeuza shali, akarudia. Mwisho akainua uso.

"Wallahi, hata mimi silioni."

Mama mkwe alicheka hadi akamwaga chai. Baba hakucheka. Aliiweka lenzi kwenye kifuko chake, akabaki anavitazama vidole vyake. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Kaka, najivunia kuwa mtoto wa mzee huyu, nami sioni haya kusema.

Nuzhat anakusalimu na anakukumbusha uombe ruhusa kazini uje harusini. Mama anakuombea kila swala. Mungu akulinde ugenini na akurudishe nyumbani ukiwa mzima.

Baba naye anasema usimtumie lenzi nyingine, hii ataizeekea. Tuma mashali yaliyotoboka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye hata usipopiga simu,
Tasleema