Maji Yaliyoingia Bandani

Jumatatu, 3 Novemba
Nimegeuza matandiko ya banda, kama kila Jumatatu. Pumba za mpunga, maranda ya seremala, kinyesi, vyote vimeshakuwa kitu kimoja, kina chake kinafika kwenye kifundo cha mguu. Miezi saba sasa sijatoa hata beleshi moja. Kuku wanachakura wenyewe, mimi nasaidia tu kwa reki. Harufu ya udongo mkavu. Hapa Katoro watu hawaamini kwamba banda halinuki mpaka waingie. Banda hili najivunia kuliko miaka yote niliyochimba dhahabu duarani.

Alhamisi, 6 Novemba
Mvua siku mbili mfululizo, za kwanza msimu huu. Kona ya nyuma imelowa. Matandiko yameshikana kama ugali uliopoa. Yananuka mpaka macho yanawasha. Nimemwaga majivu, nikaongeza maranda makavu. Hayajasaidia.

Ijumaa, 7 Novemba
Mama Nyanzala amekuja. Mjane, tumepakana ukuta. Ana pumu. Amesema anakohoa tangu juzi na dirisha halifunguki. Alisema kwa upole. Mimi nikawaka. Nikamwambia maji yanatoka kwake, pale anapofulia, na asinisumbue. Mbele ya wapangaji wake.
Hakupandisha sauti. "Maji yangu yanaelekea barabarani, mwanangu. Angalia kwako."
Akaondoka. Ndiye aliyetupokea tulipohamia mtaa huu, mimi na mke wangu, hatumjui mtu. Hata hivyo nina hasira naye.

Jumapili, 9 Novemba
Kuku wawili wanakoroma wakipumua. Mke wangu kaambiwa kanisani kwamba mwenyekiti wa mtaa atakuja Jumatano kukagua. Wapangaji ndio wamelalamika, siyo mama mwenyewe. Harufu ikiwapo, kuku waondoke. Mke wangu ameniambia wazi kwamba nilimkosea yule mama, maji au si maji.
Naogopa. Mgongo huu hauwezi kurudi duarani.

Jumatatu, 10 Novemba
Mvua tena. Safari hii nimesimama ndani ya banda ikinyesha, nione kwa macho yangu. Ukuta wa Mama Nyanzala mkavu kabisa. Maji yanatoka juu, kwenye mfereji wa bati nilioutundika mwenyewe wakati wa kiangazi. Niliuinamisha nyuma badala ya mbele. Unamwaga moja kwa moja ndani.
Aibu.
Nimeshusha mfereji, nimeufunga upya. Matandiko mabichi nimeyatoa yote, nikayarundika mbali na ukuta wake: tabaka la mabua makavu ya mahindi, tabaka la matandiko, tena mabua, halafu turubai juu. Hiyo itakuwa mboji. Yaliyo makavu nimeyaacha, nikamwaga pumba mpya juu yake. Siku nzima. Mgongo hauna hamu.

Jumanne, 11 Novemba
Nimekwenda kwake asubuhi. Nilibeba mayai, nikayarudisha nikiwa njiani. Angeona namnunua.
Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamweleza habari ya mfereji. Nikaomba wapangaji waitwe, maana walinisikia nikimtukana. Wakaja, wanne. Nikasema nilikosa mimi, maji ni yangu.
Mama akasema: "Harufu ingeisha tu. Nilikuwa nakusubiri wewe."
Nimetoka mwepesi. Sikumbuki lini niliomba msamaha mara ya mwisho.

Jumatano, 12 Novemba
Mwenyekiti ameingia bandani, ameinama, ameshika konzi ya matandiko na kunusa. Amesema haoni sababu ya kuwaondoa kuku. Akaniomba nimwonyeshe hatua zote, naye anataka kuanza kufuga.
Kuku mmoja amepona. Mwingine amekufa. Nimemfukia.

Jumamosi, 29 Novemba
Nimegeuza mboji kwa mara ya tatu. Katikati ni moto, mkono haukai. Pembeni inaanza kuwa nyeusi na kumomonyoka.
Mama Nyanzala ameingia uani. "Mwangaluka," amenisalimu kwa Kisukuma chetu, nami nikamwamkia. Kifua kimetulia, kasema. Nikampindulia ndoo akakaa, akawa anaangalia kuku wakichakura. Jua lilikuwa zuri. Nikaendelea na reki.