Netiweki ya Kichuguu Changu

Myanga, Jumanne, Agosti 2009

Bila mimi, Myanga haingeongea na Nairobi. Netiweki ilikuwa inashika ukipanda juu ya kichuguu cha shamba langu pekee, hata chifu alipanga foleni hapo akiniamkua.

Leo fundi wa kampuni ya simu amewasha mnara mpya wa netiweki hapa kijijini. Nikamuuliza, "Basi mmemaliza?"

"Bado, mzee. Vijana wanatoa picha na nyimbo kwa intaneti, huu mmoja utalemewa. Tutaongeza mingine, karibu karibu."

"Na kichuguu changu?"

"Si ukivunje upande mahindi, bana!"

Watu wakacheka. Jioni hakuna aliyekuja. Nimechoka, hata chai sijamaliza.

Simu iko hapa mezani, netiweki imejaa, na haijalia. Ukweli ni kwamba hata kule juu ya kichuguu, mara nyingi nilikuwa naongea peke yangu, simu sikioni.