Buibui Huyu, Buibui Hili

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini kifua kimepoa na vumbi la machimbo halikutesi tena. Mimi ni mzima wa mwili. Mwanao naye hana homa, lakini siwezi kuandika kwamba hajambo, maana leo ni siku ya tatu hatii kitu mdomoni isipokuwa maji. Simu yako haishiki huko, ndiyo maana nimemwomba dereva wa lori la saruji akupe barua hii mkononi. Tafadhali isome yote kabla hujanikasirikia.

Unajua nafundisha chekechea, na unajua Chiriku wetu hakuitwa Chiriku bure. Nimemkataza kuniita shangazi shuleni, basi hunyoosha kidole, akaniita "mwalimu" kwa madaha, kisha akawatangazia wenzake kwamba asubuhi mwalimu kaunguza mayai. Domo hilo lilikuwa likinichosha. Leo ningelinunua kwa bei yoyote.

Wiki hii tulikuwa na somo la buibui. Sipendi kufundisha kwa maneno matupu. Mtoto wa miaka mitano akisikia husahau, akishika hasahau. Tulifinyanga udongo tukapata kichwa na tumbo, tukazungusha nyuzi kwenye vijiti vilivyopishana tukapata utando. Nikawaonyesha ganda la buibui nililolikuta nyuma ya kabati, nikawaeleza kwamba buibui akikua hujivua ganda kuukuu, akaliacha likining'inia, akaenda zake na jipya. Wakalipokezana viganjani, hata yule mwoga wetu anayelilia sisimizi. Ilibaki miguu, na kabla ya kengele nikawaambia kesho kila mmoja aje na kitambaa cheusi kikuukuu cha buibui.

Hayo ndiyo maneno niliyotamka, kaka: kitambaa cha buibui. Mimi nilisema buibui huyu, mwanao akasikia buibui hili. Alifungua sanduku lililo chini ya kitanda chako, akatoa buibui la marehemu wifi, lile uliloniagiza nisilifue hata kwa bahati mbaya. Darasani nilikuwa nahangaika na mtoto aliyejigandisha vidole kwa gundi, na nilipogeuka mkasi ulikuwa umeshamaliza kazi. Nililitambua kwa mshono wa pindo, kwa sababu niliushona mimi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ningemfokea, lakini furaha aliyokuwa nayo sikuwa nimeiona tangu msiba. Alisimama akawaeleza wenzake kwamba mama yake naye amekua, amejivua buibui lake kuukuu akaliacha nyumbani, na sasa yuko njiani anarudi na jipya. Watoto wakampigia makofi. Mimi nilikimbilia chooni nikalia.

Tulipofika nyumbani aliburuta kigoda hadi mlangoni, akakaa. Nilipomwita kula alisema atakula na mama. Giza likaanza kuingia, naye hajabanduka. Kila mwanamke alipopita barabarani, Chiriku alisimama, kisha akakaa tena. Uvumilivu ulinishinda.

Sasa nakwambia nililolifanya. Uliniapisha nisimwambie lolote zaidi ya kwamba mama amesafiri, mpaka urudi umwambie mwenyewe. Nimevunja kiapo hicho. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia mama hakusafiri, mama alifariki, tulimzika, na aliyefariki harudi. Nilidhani atalia, nimbembeleze, yaishe. Hakulia. Aliniuliza, na baba je? Nikamjibu kwamba baba amesafiri, yuko kazini, kweli kabisa. Akaniambia taratibu kwamba hata mama nilimwambia amesafiri, kweli kabisa.

Tangu hapo hasemi nami, na chakula hataki kukiona. Nimemwapia kwa kila ninachokijua. Nimemsomea barua yako ya mwisho, akanitazama kama anayenionea huruma. Muuguzi wa zahanati amenionya kwamba mtoto hawezi kuendelea hivi. Na jana fundi viatu jirani alikuja kunirudishia viatu vyako vyeusi. Chiriku alimpelekea mwenyewe, akamwambia avigawe kama tulivyogawa vya mama, kwa kuwa baba havihitaji tena.

Kaka, nimeishiwa. Mwombe msimamizi ruhusa, na akikunyima, ondoka. Usinijibu kwa maandishi, hatayaamini. Matusi yote niliyostahili usiyaandike. Njoo unitukane hapa mlangoni, kwa sauti, mwanao akuone unavyofoka.

Mama mwenye nyumba anakusalimu, na mwalimu mkuu pia. Wasalimie wenzako wa kambini. Dereva ameniahidi kwamba kwenye lori lake kuna nafasi ya mtu mmoja wakati wa kurudi.

Ni mimi mdogo wako,
shangazi wa Chiriku