Sigara ya Mmarekani na kiko cha baba

Kyerwa, Jumapili jioni, 1952

Wala sikutegemea kwamba baba angekuja. Tangu nilipoacha kibanja chetu cha migomba huko Kaisho nikawa karani hapa kwenye machimbo ya bati, baba hakutaka hata kuitikia salamu zangu. Leo alasiri nikamwona mlangoni na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamvutia kiti. Ndipo nikatoa zawadi aliyoniachia mhandisi Mmarekani alipokuwa anarudi kwao: sigara nene kama kidole gumba, na wiski kidogo ya mahindi chupani. Aliniambia hivyo viwili huenda pamoja, unavuta kidogo, unaonja kidogo.

Serikali imetukataza Waafrika pombe hiyo, kwa hiyo nilifunga dirisha kwanza. Hata sasa bado nina wasiwasi kidogo.

Baba alionja, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Inaunguza hii," alisema. "Mahindi ni ya kuchoma tule, mwanangu."

Akaivunja sigara, akaishindilia kwenye kiko chake, akawasha. Alivuta, akashushia rubisi, akafumba macho.

"Tumbaku yao nzuri. Wamekosea pombe tu."

Nilicheka, naye akacheka. Halafu akapangusa kiko na kunipa nivute, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya leo.

"Haya, niambie," alisema. "Huko machimboni unaandika nini siku nzima?"

Nilimweleza yote, naye alisikiliza mpaka jua likazama.