Kamba Iliyoingia Majini: Kikao cha Dharura cha Waogeleaji wa Mto Ruiru, Gitothua

Kikao hiki cha sita kilifanyika Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa Mwenyekiti.

WALIOHUDHURIA: Gachau (Mwenyekiti), Wavinya (Mkufunzi), Waruguru, Muoki, Muigai (Mshika Kamba), Ndila (Katibu, mke wa Mshika Kamba tangu mwezi uliopita, Mungu ni mwema).
ASIYEHUDHURIA: Calvince, kwa udhuru wa mafua.

KUMB. NA. 1/6: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Zilithibitishwa baada ya kufutwa sentensi mbili kuhusu mabega ya Mshika Kamba.

KUMB. NA. 2/6: TUKIO LA JUMAMOSI
Mwenyekiti alikumbusha kanuni: mshika kamba hukaa ukingoni na kamba ya kuokolea, na havui viatu, ili asishawishike kuingia. Jumamosi upepo ulipeperusha kitambaa cha Katibu, kile cha arusi, kikaangukia mtoni. Muigai alivua viatu na kuruka, kamba ikiwa bado mkononi. Muoki, aliyekuwa katikati ya mto, alitafuta kamba asiione.

Muoki alisema aliponea kwa mtungi wake mtupu wa plastiki, wa kuelea, ambao aliukumbatia mpaka penye maji mafupi. "Nimeyanywa maji ya Ruiru mpaka nikajua mvua imenyesha wapi! Na huyu anafuata kitambaa!"

Muigai aliomba msamaha. Alisema hakufikiri. Waruguru alisema hilo lilionekana.

Katibu anaandika kwamba kitambaa kiliokolewa.

KUMB. NA. 3/6: KAMBA IPEWE NANI
Waruguru alipendekeza Muigai anyang'anywe kamba, na Katibu atoke nje wakati wa mjadala. Ilionekana hakuna mwingine aliyekuja na kalamu. Katibu alibaki na kuandika polepole, kwani Muigai anaipenda ile kamba tangu kabla ya kumpenda yeye.

Wavinya alisema hakuna mwenye mikono imara kumshinda Muigai. Shida ni macho, yanaangalia ukingoni alipo mkewe badala ya majini. "Basi mke aingie majini!"

Katibu alikiri hajui kuogelea. Ilicheka nyumba nzima, hata mama mkwe wake, aliyekuwa akisaidia jikoni.

Mwenyekiti alimwuliza Muigai kama ataondoka ukingoni na kamba tena. Alijibu: "Na Ndila akiwa ndani? Ngai, Mungu wangu! Hata mkinivuta na tingatinga."

Muoki alisema hapo sasa anaamini.

ILIAMULIWA: Muigai aendelee kwa majaribio. Katibu aanze mafunzo Jumamosi, penye maji mafupi, mtungi kifuani. Wavinya apime kina kwa fimbo kwanza. Maji yakiwa ya kahawia, hakuna anayeingia, hata kwa mapenzi. Viatu vya Muigai vifungwe na Muoki mwenyewe, fundo mara mbili.

KUMB. NA. 4/6: KUFUNGA
Wavinya aliomba. Kikao kilikwisha saa kumi na moja jioni. Muoki alibaki akimfundisha Muigai fundo, na Katibu akaachwa ashike ncha ya pili ya kamba. Bado ameishika.

Mwenyekiti: Gachau ............
Katibu: Ndila wa Muigai ............